George Lilanga: Mlinzi wa Usiku Aliyechonga Kila Kilichofika Mkononi Mwake

Katika miaka ya mwanzo ya 1970, Nyumba ya Sanaa ya Dar es Salaam ilimwajiri mlinzi wa usiku. Alikuwa mtu mzima aliyekaribia umri wa miaka 40, Mmakonde mzaliwa wa kusini mwa nchi, na kazi aliyopewa ilikuwa kulinda mali ya wasanii wengine hadi alfajiri. Jina lake lilikuwa George Lilanga. Kabla ya muongo huo kumalizika, kazi za mikono ya mlinzi huyo zilikuwa zimevuka bahari na kuonyeshwa Washington, na jina lake lilikuwa limeanza kutajwa miongoni mwa wasanii wakubwa waliopata kutokea Tanzania.

Zaidi ya miaka 20 imepita tangu Lilanga afariki dunia jijini Dar es Salaam, tarehe 27 Juni 2005. Wengi wanamkumbuka kwa mashetani wake wenye masikio makubwa, matumbo ya mviringo na rangi zisizojificha. Wachache wanakumbuka safari iliyomfikisha huko: safari ya mchongaji aliyeanza na muhogo, akafika kwenye mpingo, akaendelea hadi kwenye bamba la zinki, ngozi ya mbuzi na chuma, na ambaye, maradhi yalipomnyang'anya miguu, alitafuta tena njia ya kuendelea na kazi.

Lilanga alizaliwa mwaka 1934 katika kijiji cha Kikwetu, kusini mwa iliyokuwa Tanganyika, kwa wazazi wa kabila la Wamakonde. Watu hao wanaishi pande zote mbili za Mto Ruvuma, nchini Tanzania na Msumbiji, na uchongaji kwao ni sehemu ya maelezo ya asili yao wenyewe. Simulizi yao ya kale inaeleza kwamba mtu wa kwanza aliishi peke yake porini, akachonga umbo la mwanamke kwa mti, na umbo hilo likapata uhai na kuwa mama wa kabila zima. Kwa jamii yenye simulizi kama hiyo, kuchonga si ufundi wa pembeni. Ni jambo la mwanzo kabisa.

Hata hivyo, katika maisha ya kila siku, uchongaji haukuwa ajira. Mwanamume wa Kimakonde alikuwa mkulima kwanza. Shamba lilipompa nafasi, hasa katika miezi ambayo hakuna palizi wala mavuno, alikaa kivulini na kuchonga: kinu na mchi, kizibo cha kibuyu cha dawa, kisanduku cha tumbaku, fimbo, au kinyago cha kuvaliwa katika ngoma ya mapiko wakati wa jando. Vitu hivyo vilitumika nyumbani na katika mila, lakini vilikuwa pia burudani ya mikono. Mtu alitia nakshi kwenye kifuniko cha kisanduku si kwa sababu tumbaku ingeharibika bila nakshi, bali kwa sababu muda ulikuwepo, kisu kilikuwepo, na mkono ulitaka kazi.

Katika mazingira hayo, baada ya elimu yake ya msingi, Lilanga aliingia katika mafunzo ya uchongaji kwa utaratibu wa watu wake. Utaratibu huo ulikuwa na ngazi tatu. Mwanafunzi alianza na mzizi wa muhogo. Muhogo ni laini, hukatika kwa kisu cha kawaida, na ukiharibika hakuna hasara. Kesho unachimbwa mwingine. Juu ya muhogo kijana hujifunza kuona uso ndani ya kitu kisicho na uso, na hujifunza kwamba kilichokatwa hakirudi. Ngazi ya pili ilikuwa miti laini, ambayo ina nyuzi na mwelekeo wake, na humfundisha mchongaji kufuata mti badala ya kushindana nao. Ngazi ya tatu ilikuwa mpingo.

Mpingo haumsamehe anayeuharakisha. Ni mti unaokua polepole kwa miongo mingi, na kiini chake cheusi ni kizito kiasi kwamba kikitupwa majini huzama. Ndiyo maana watengenezaji wa ala za muziki wa nchi za Ulaya huutumia kwa zumari zao. Mchongaji huanza kwa tezo, akiondoa ganda na sehemu ya nje yenye rangi ya maziwa, hadi weusi utokee. Kisha hufuata patasi na nyundo kwa ajili ya umbo, tupa kwa ajili ya kusawazisha, na mwisho msasa, kwa saa nyingi, hadi kinyago king'ae bila kupakwa chochote. Mkono ukiteleza katika hatua yoyote, kazi ya wiki nzima inaweza kupasuka. Anayemaliza ngazi hii huitwa fundi, na Lilanga aliimaliza.

Wakati huo kusini mwa nchi kulikuwa na misukosuko. Chama cha ukombozi cha FRELIMO kilikuwa kimeundwa Dar es Salaam mwaka 1962, na kuanzia Septemba 1964 vita dhidi ya ukoloni wa Wareno viliwaka ng'ambo ya Ruvuma. Maelfu ya wakimbizi walivuka mto na kupokewa na Tanzania. Lilanga alipata kazi katika makambi ya wakimbizi karibu na mpaka, na huko aliendelea kuchonga katika muda wake wa mapumziko. Wageni kutoka Ulaya waliofika makambini kwa shughuli za misaada waliviona vinyago vyake, wakavipenda, na wakamhimiza asiiache kazi hiyo. Kwa mara ya kwanza, jambo ambalo kwao lilikuwa la kivulini baada ya shamba likaonekana kuwa linaweza kumpatia mtu riziki.

Mwaka 1970 alihamia Dar es Salaam, ambako mjomba wake, mchongaji Augustino Malaba, alikuwa akiishi na kufanya kazi. Jiji alilolikuta lilikuwa tayari na soko la vinyago vya Kimakonde. Tangu miongo ya nyuma, wachongaji kutoka kusini na kutoka Msumbiji, wengi wao wakiwa wamekuja kwanza kutafuta kazi katika mashamba ya mkonge, walikuwa wameanza kuwauzia wageni vinyago vya mpingo. Mitindo mipya ilikuwa imezaliwa humo. Samaki Likankoa anatajwa kuwa mwanzilishi wa mtindo wa shetani, wenye viumbe vya ajabu vilivyopinda na kuvunja kanuni za mwili wa binadamu. Roberto Yakobo anahusishwa na mtindo wa ujamaa, ambamo watu wengi hubebana katika gogo moja kuanzia chini hadi juu.

Katika soko hilo, fundi mmoja zaidi wa mpingo hakuwa habari. Wachongaji hodari walikuwa wengi, na mnunuzi alijua anachokitaka: mti mweusi, uliong'arishwa, wenye umbo alilokwisha kuliona kwingine. Kupitia kwa mjomba wake, Lilanga alifika Nyumba ya Sanaa, kituo kilichoanzishwa mwaka 1972 na Sista Jean Pruitt, mtawa wa Kimarekani wa shirika la Maryknoll, ili kuwapa vijana wenye vipaji mahali pa kufanyia kazi na kuuza walichotengeneza. Nafasi aliyoipata haikuwa ya usanii. Ilikuwa ya ulinzi wa usiku.

Nafasi hiyo ndogo ndiyo iliyobadili maisha yake. Nyumba ya Sanaa haikuwa karakana ya vinyago pekee. Ndani yake palikuwa na watu wanaochora, wanaotia rangi vitambaa vya batiki, na wanaochapa picha. Vifaa ambavyo mchongaji wa kijijini asingeviona maisha yake yote vilikuwa mezani, umbali wa hatua chache. Lilanga hakubaki mlinzi kwa muda mrefu. Kipaji chake kilitambuliwa, naye akaingia miongoni mwa wasanii wa kituo hicho akiwa mtu mzima, tayari kujifunza mambo mapya kana kwamba amerudi kwenye mzizi wa muhogo.

Mojawapo ya mambo hayo lilikuwa uchapaji wa picha kwa bamba la zinki. Bamba hupakwa tabaka jembamba linalozuia tindikali, kisha msanii huchora juu yake kwa sindano ya chuma, akilikwangua tabaka hilo kwa mistari myembamba. Bamba linapotumbukizwa katika tindikali, sehemu zilizokwanguliwa huliwa na kuwa mifereji midogo. Mifereji hiyo hujazwa wino, karatasi yenye unyevu huwekwa juu, na kinu cha kuchapia huzikandamiza pamoja. Kwa mchongaji, hii ni nakshi ya aina nyingine: badala ya patasi kuukata mti, sindano na tindikali huchimba chuma. Tofauti ni kwamba kinyago huwa kimoja, lakini bamba moja huzaa picha nyingi, na msanii hulazimika kufikiri kinyumenyume, kwa kuwa kilicho kulia kwenye bamba hutokea kushoto kwenye karatasi.

Lilanga hakuishia hapo. Alichora juu ya ngozi ya mbuzi iliyowambwa na kukaushwa. Alitengeneza batiki, akichora kwa nta iliyoyeyushwa ambayo huizuia rangi isipenye kwenye kitambaa. Maumbo yake yalihamia hata kwenye chuma. Kila kitu kipya kilimtaka mkono wa namna nyingine, lakini viumbe waliotokea walikuwa wale wale. Anayeijua kazi yake huitambua mara moja, iwe imechongwa kwenye mti, imechimbwa kwenye zinki au imechorwa kwenye ngozi.

Viumbe hao aliwatoa katika imani za Wamakonde kuhusu mashetani, roho wanaosemekana kuishi porini na kuingilia maisha ya watu, wakati mwingine kwa wema na wakati mwingine kwa ukorofi. Mashetani wa wachongaji waliomtangulia walikuwa weusi na wenye kutisha. Wa Lilanga walikuwa wachangamfu. Walikuwa na masikio yanayojitokeza mbali na kichwa, midomo mipana, mikono yenye vidole viwili au vitatu, na miguu ya aina hiyo hiyo. Walicheza ngoma, walikula, walibishana, walibebana, walisengenyana. Kwa umbo walikuwa mashetani, lakini kwa tabia walikuwa majirani wa mtaani. Mtazamaji aliyeanza kwa kumcheka shetani aliishia kumtambua mtu anayemfahamu, na mara nyingine kujitambua mwenyewe. Kazi nyingi alizipa majina marefu ya Kiswahili, sentensi nzima zinazofanana na maneno yanayosikika barazani au njiani.

Hatua iliyomtenga zaidi na wachongaji wenzake ilikuwa kupaka rangi. Katika uchongaji wa kisasa wa Kimakonde, thamani ya kinyago imo katika weusi wa mpingo wenyewe, na rangi juu yake huonekana kama kuuficha ubora. Lilanga aliingia kwenye miti laini zaidi na kuvipaka vinyago vyake rangi za mafuta zinazong'aa, nyekundu, njano, buluu, kijani, pamoja na vitone na mistari. Aliichukua ngazi ya pili ya mafunzo yake, ile ambayo kijana hupita akielekea kwenye mpingo, akaifanya kuwa makao. Kwa macho ya wahafidhina, huko kulikuwa kushuka. Lakini mti laini ulimpa kitu ambacho mpingo haukumpa: kasi, ukubwa, na uhuru wa kuweka pamoja kinyago na picha ya rangi, mambo mawili ambayo soko la vinyago lilikuwa limeyatenganisha.

Mwaka 1978 kazi zake zilishiriki katika maonyesho ya sanaa ya kisasa ya Afrika yaliyofanyika Washington, Marekani. Kati ya kazi takriban 280 zilizoonyeshwa, karibu 100 zilikuwa za Lilanga. Kwa msanii yeyote hiyo ni idadi kubwa; kwa mtu ambaye miaka michache kabla alikuwa akilinda mlango wa jengo la wasanii, ilikuwa mageuzi ya maisha. Baadaye kazi zake zilionyeshwa katika nchi mbalimbali za Ulaya na kwingineko, na nyingine ziliingia katika hazina ya Jean Pigozzi, mojawapo ya hazina kubwa za binafsi za sanaa ya kisasa ya Afrika. Wachambuzi wa nje wamewahi kuilinganisha mistari yake na ile ya msanii wa Marekani Keith Haring, aliyekuwa mdogo kwake kwa zaidi ya miaka 20.

Sifa hizo hazikumkinga na maradhi. Lilanga aliishi kwa miaka mingi na ugonjwa wa kisukari. Ugonjwa huo huharibu taratibu mishipa ya damu na ya fahamu, hasa ya miguuni, na kidonda ambacho kwa mtu mwingine kingepona kwa siku chache huweza kuwa hatari kwa uhai. Katika miaka yake ya mwisho alikatwa miguu yote miwili na kulazimika kutumia kiti cha magurudumu.

Kwa mchongaji, pigo hilo lina maana ya pekee. Fundi wa vinyago hulibana gogo kwa miguu yake, hulizunguka, huinama, na hulipiga kwa uzito wa mwili mzima. Bila miguu, tezo hupoteza nusu ya nguvu yake. Lilanga angeweza kuishia hapo, akiwa na umri wa zaidi ya miaka 60 na jina lililokwisha kujulikana. Badala yake alifanya alichokuwa amekifanya mara zote: alibadili namna ya kufanya kazi. Uzito ulihamia kwenye kuchora na kupaka rangi, kazi zinazowezekana mtu akiwa ameketi, na mikono ya vijana waliojifunza kwake, baadhi yao wakiwa ndugu zake wa damu, ikafanya yale ambayo mwili wake haukuyaweza tena.

Karakana hiyo ya mwisho ilimwezesha kuendelea, lakini pia iliacha swali ambalo halijaisha. Kazi iliyobuniwa na mzee, ikachongwa na kijana, ikapakwa rangi na mwingine, ni ya nani? Katika mila ya ufundi wa Kimakonde swali hilo halikuwa na uzito. Mwanafunzi aliifanya kazi ya mwalimu wake na wote walijulikana. Katika soko la kimataifa, ambamo saini huamua bei, lina uzito mkubwa. Jina la Lilanga lilipopanda thamani, kazi za kuigiza nazo zilijitokeza, na wanunuzi wakalazimika kuuliza maswali ambayo wakati wa uhai wake hayakuulizwa. Hasara ya hali hiyo haimfiki mnunuzi peke yake. Inawafika warithi wa msanii, na wanafunzi wake halisi, ambao kazi zao halali hutiliwa shaka pamoja na zile za bandia.

Sheria ya nchi haiko kimya kuhusu jambo hilo. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 iliweka msingi kwamba haki za mtunzi wa kazi ya sanaa huendelea kulindwa katika uhai wake wote na kwa miaka 50 baada ya kifo chake. Kwa msingi huo, kazi za Lilanga zinaendelea kuwa chini ya ulinzi hadi mwaka 2055. Lakini sheria husaidia pale ambapo kumbukumbu zipo. Mchongaji anayeandika tarehe ya kazi yake, anayeipiga picha kabla ya kuiuza na kutaja waliomsaidia, huwaachia warithi wake ushahidi. Asiyefanya hivyo huwaachia ubishi. Jambo hili linamhusu hata anayechonga kwa kujifurahisha tu, kwa kuwa Lilanga naye alianza hivyo, na hakuna aliyejua kambini mpakani kwamba vile vitu vilivyotengenezwa baada ya kazi vingekuja kutafutwa na wakusanyaji wa dunia.

George Lilanga alifariki akiwa na umri wa takriban miaka 71. Aliacha kizazi cha wasanii waliopita mikononi mwake, akiwemo mjukuu wake anayeendeleza mtindo huo. Ukumbi wa kwanza wa mafunzo yake haukuwa na paa wala ada. Ulikuwa kivuli, kisu na mzizi wa muhogo, vitu ambavyo bado vinapatikana katika kila kijiji cha kusini. Yaliyofuata, kuanzia mpingo hadi zinki, ngozi na chuma, yalitokana na tabia moja aliyoishika tangu ujana hadi uzee: kila njia moja ilipofungwa, hakuisubiri ifunguliwe. Alichukua kilichokuwa karibu, akaanza kukichonga.